Swali la Kumi na Nne

Mzinga huu wa boksi nilipewa bure.
Nyuki waliukataa misimu miwili,
fundi Mayunga akanitobolea matundu matatu kwa nyuma:
moja la umeme, moja la skrini,
la tatu, alisema, "utajua mwenyewe."
Ndani nimepanga kompyuta yangu
kipande kwa kipande, mshahara kwa mshahara:
ubao mama uliostaafishwa na ofisi ya tumbaku,
memori mbili zisizofanana, kama ndugu wa mama tofauti,
diski inayokohoa,
na prosesa, roho yenyewe,
elfu arobaini na tano kwa Shija wa stendi,
imeviringishwa kwenye gazeti la mwaka juzi.
Ilipowaka nilipiga kigelegele, peke yangu chumbani.

Kisha Oktoba ikaingia Isevya.
Oktoba ya Tabora haibishi hodi.
Inapanda juu ya bati kuanzia saa nne
na bati linatugawia sote, bila upendeleo.
Nachapa mtihani wa sayansi, darasa la sita:
swali la kumi na mbili, la kumi na tatu,
nikigusa la kumi na nne,
pwi.
Giza, na harufu ya pasi iliyosahauliwa.

Nikalaumu umeme. Taa ikanitazama, inawaka.
Nikamlaumu Shija, kwenye simu, kwa sauti
ambayo jirani yangu Nyamizi alizima redio ili aisikie vizuri.
Mwizi, nilisema. Nilisema na mengine.
Nikaigeuzia feni ya mezani
mimi nikalala na jasho langu.
Nikausogeza mzinga ubavuni mwa mtungi wa maji ya kunywa;
watoto wakachungulia dirishani:
mwalimu anauguza boksi.
Digrii tisini na sita, ilisema mara ya mwisho,
halafu ikakata kauli.

Jumamosi usiku nikachukua bisibisi.
Skrubu nne. Feni ikatoka na vumbi lake lote.
Nikaipindua sahani ya kupozea,
nione ule uso wa shaba unaoibusu prosesa,
na hapo, chini ya tochi ya simu,
kitu kinang'aa ambacho si shaba.
Ukucha ukapata ukingo.
Kikavutika taratibu, chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nailoni, yenye mshale mdogo mwekundu
na maandishi ya Kichina
ambayo sasa nayasoma bila shida yoyote:
bandua kwanza.

Nilikaa sakafuni.
Miezi miwili feni imezunguka kwa nguvu zake zote
ikipoza chuma ambacho joto halikukifikia.
Miezi miwili prosesa imeungua
unywele mmoja tu kutoka kwenye upepo.

Nikasugua kwa pamba na spiriti hadi jina lake likasomeka.
Dawa mpya, ya kijivu, tone kama punje ya mtama.
Kidogo, Shija alinionya siku ile, hupaki mkate siagi.
(Hilo nililisikia. La nailoni sijui nilikuwa wapi.)
Nikakaza kwa mkingamo, kona hii, kisha ile inayoikabili,
na kwa msumari wa moto nikatoboa tundu la nne, juu,
hewa ya moto ipate pa kutokea.

Arobaini na nane. Hamsini na moja.
Ikatulia hapo.
Mzinga ukavuma, kwa mara ya kwanza,
kama wenye nyuki.

Nikaandika:
14. (a) Taja njia tatu ambazo joto husafiri.
Nikasubiri, mkono umeshika meza.
Skrini ikanisubiri pia.
Basi nikaongeza, kwa kuwa sasa inawezekana:
(b) Vyuma viwili vimelaliana, kimoja kinaungua, kingine ni baridi.
Eleza kwa nini. Alama 2.

Asubuhi nilimpigia Shija.
Mara ya tatu akapokea, asiseme haloo.
Nikasema: Shija, ile nailoni.
Kimya. Pikipiki zikapita upande wake, moja, mbili.
"Mwalimu," akasema,
"na wewe?"