Barua ya Madai

Bwana Hezekia Chidumizi ndiye aliyenifundisha kudai.
Tawi la Mpwapwa, mwaka ule mtama ulipokauka
ukiwa umefika kiunoni,
alisema: aya tatu, kijana, zisizidi.
Ya kwanza, umsalimie mtu na mifugo yake.
Ya pili, utaje deni, kwa tarakimu na kwa maneno.
Ya tatu, siku.
"Tafadhali" ni moja tu. Ukiweka ya pili umeshasamehe.

Alikuja kazini kwa baiskeli, suruali kaibana kwa vibanio vya nguo.
Zizi la mwombaji alilitembelea kabla hajaigusa fomu;
ng'ombe aliwajua kwa mabaka,
na yule aliyeazimwa kwa jirani ili zizi lijae
alimtoa kwa kidole, bila neno.
Watu walimwogopa kuliko kiangazi.
Kisha, walewale, wakamchagua.

Miaka mitano Bungeni pale Dodoma.
Aliuliza kuhusu daraja la Gulwe.
Mwaka uliofuata akauliza kuhusu daraja la Gulwe,
waheshimiwa wakacheka.
Uchaguzi wa pili alikopa: fulana, mafuta ya gari,
pilau ya vijiji kumi na vinne.
Alikopa kwetu. Fomu niliijaza mimi.
Akashindwa kwa kura mia na sita.
Mwezi wa Nne tukamzika Kibakwe,
udongo ukatung'ang'ania viatu hadi barabarani.

Sasa kiti chake nakikalia mimi,
na makao makuu hawajui matanga.
Nikaandika. Aya tatu.
Nikamsalimu Mama Mbeleje na mbuzi wake.
Milioni sita na laki mbili.
Siku. Tafadhali, moja.

Alhamisi akaja mwenyewe,
akaipita foleni bila kuomba radhi.
Barua yangu, imekunjwa mara nne;
ndani, wino mwekundu:
koma mbili kaziongeza,
"kulipa" kalikata, juu yake kaandika "kumaliza".

"Ulidhani zile alikuwa akiandika yeye?
Alirudi na majina kwenye kikaratasi,
mlenda unapoa, hali.
Nikiandika mimi, kwa kibatari.
Yeye kaugeukia ukuta."

Akaweka bahasha kaunta, pesa za zabibu,
noti zinanata.
"Hesabu," alisema.
"Na hiyo risiti, andika jina lake."