Usiguse, Inafanya Kazi

Ilikuja na stika ya shule moja ya Denmaki ubavuni
na jina la mtoto lililochunwa nusu: Mads, au Mats.
Ram giga mbili. Betri imevimba kama andazi.
Fundi wa Chumbageni aliitazama
kama atazamavyo mtu maiti ya jirani:
Poleni, Windows mpya haiingii humu,
nunueni nyingine.

Kwa fedha ipi? Sisi ni chama cha akiba
cha mafundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Tano,
wanachama sitini na wawili, daftari tatu,
na moja imeliwa na mende.

Hozza ndiye aliyeleta flashi.
Mbondei wa Muheza, bingwa wa kunyoosha rimu,
mwenye grisi kuchani hata siku ya harusi yake.
Aling'oa ile betri, akachomeka, akabonyeza,
maandishi meupe yakamiminika
kama mchele kwenye mkeka mweusi.
Hii ndiyo nini? nikauliza.
Debian. Haina mwenyewe, ina wenyewe wengi.
Mwanamkuu, wewe ungenunua baiskeli
iliyochomelewa nati zake zote?

Alikosea mara mbili. Ya kwanza alifuta kila kitu,
hata majina niliyoingiza siku tatu
mpaka nikafika herufi M.
Ya pili sauti ikagoma kutoka,
na haijatoka mpaka leo.
Mkopo hauhitaji sauti.

Tukaipandisha juu ya kabati, kifuniko chini,
waya mmoja wa umeme, mmoja wa mtandao.
Umeme hapa Ngamiani hukatika bila hodi;
ukirudi, nayo huamka, feni ikakohoa kidogo,
ikaendelea na hesabu.
Tukasahau kama ipo.
Sijui sifa kubwa kuliko hiyo.

Mwezi wa tatu tukamzika Hozza kwao Muheza.

Mwezi wa kumi nikahitaji kuingia ndani,
na neno la siri alikuwa nalo yeye.
Nilipekua droo, daftari, nyuma ya kalenda.
Mwisho nikaikumbuka Phoenix yake
iliyosimama mlangoni mwetu,
aliyoiweka rehani asiikomboe.
Chini ya tandiko, kwa rangi na brashi nyembamba,
herufi kumi na nne.
Sitaziandika hapa.

Skrini ikanipokea hivi:

*Karibu uliyeketi, kibodi i mkononi,*
*Usifute kwa bahati, uliza kwanza moyoni,*
*Saa nane kwa wakati, hujinakili gizani,*
*Fundi hupita, si nati; ikilegea, kazeni.*

Nikahesabu mizani kwa vidole. Kumi na sita, kumi na sita.
Miaka sita tumekaa ofisi moja
tukigombania feni,
hakuwahi kunisomea hata nusu mstari.

Nikalifungua faili la saa nane usiku.
Kati ya amri na amri alikuwa ameacha maneno,
kila mstari umetanguliwa na alama ya reli:

# hapa nilikosea, nikarudia
# Mwanamkuu akiuliza, hii ni ya nakala
# sijui kwa nini inakubali
# usiguse, inafanya kazi

Chini kabisa, anayepaswa kupewa taarifa: hozza.

Basi kila usiku, mashine ikimaliza kunakili
michango ya watu sitini na mmoja,
ilikuwa inamwandikia.
Nikafungua sanduku lake la barua.
Mia mbili na kumi na moja, hazijasomwa,
zote za neno moja: *imekamilika*,
isipokuwa ya Julai tisa,
*diski inakaribia kujaa*,
ambayo ndiyo iliyonileta.

Nikahamisha nakala kuukuu, nafasi ikapatikana.
Barua zake sikuzigusa.
Kisha nikashuka mpaka ule mstari wa chini,
nikaweka mkato, nikaandika jina langu
kando ya lake. Lake sikulitoa.

Asubuhi kila mmoja wetu
alikuwa na barua moja mpya.