Chui Saba wa Aizada

Nilisema: "Keti hapa,
uache kuapaapa;
hela siwezi kukupa,
zimekwisha mfukoni."

Ulitaka taa mbele
na kengele ya kelele
kwa baiskeli ile
ya kakako, ya zamani.

Nikasema: "Sufu yetu,
ya kondoo, si ya watu,
ni magunia matatu
yanayooza ghalani.

Osha, chambua, tandaza,
maji ya moto nyunyiza,
sabuni ukiongeza,
ishikane mkekani."

Ukaunda chui saba
wa theluji; hata baba
kicheko akakiziba
kwa kalpaki ya kichwani.

Jumamosi, kwenye soko,
ukatandika mfuko
kando ya farasi, huko
Naryn, upepo usoni.

Saa mbili, saa tatu,
wapita tu hao watu,
hawakuuliza kitu,
wakaishia nyamani.

Akaja mtu wa mbali,
kamera, kofia kali,
asema: "Mbwa kamili!
Je, huyu ni bei gani?"

Ukaiva, ukanuna:
"Ni chui! Huoni, bwana?"
Naye akacheka sana,
akamrudisha chini.

Tukarudi nao wote,
kimya kimetanda kote,
ukasema: "Niwakate
mikia? Nifanye nini?"

La, sikukupa jawabu,
bali kalamu, kitabu:
"Andika hapa hesabu
na gharama ya sabuni.

Sabuni ulinikopa,
som ishirini kulipa;
bei isiyo ya pupa
huanza na hilo deni."

Wiki iliyofuata
madoa wakayapata
kwa uzi, na mkia hata
ukafika mabegani.

Na ubao ukachora:
"Chui hawa, bei bora:
sitini; mwenye papara
aonaye mbwa: tisini."

Wacheshi wakasimama,
hata mzee wa nyama.
"Mbwa huyu!" akasema,
akazitoa tisini.

Watano wakaondoka,
deni langu likatoka,
na kengele ikafika,
inatukera nyumbani.

Taa bado. Taa ghali.
Wamesalia wawili:
mmoja haendi mbali,
nimemweka dirishani.

Ni yule wa siku ile,
shingo fupi, jicho pale
lilipo shavu. Milele
simuuzi kwa tisini.

Sasa watoto wa njia
hodi wananipigia,
viatu wameachia
safu ndefu mlangoni.

Aizada, funza hao,
wakunje mikono yao;
magunia yapo, nao
waje na yao sabuni.