Siku Kavu

Bi Margriet, nimepata barua yako ya nne.
Mto wa manyoya: hapana. Nimeandika.
Maziwa ya lozi, chai isiyo na sukari,
vila ya juu ya maji, ngazi ishukie baharini
upande wa magharibi, ili jua lisiwaamshe.
Nimeandika yote. Kalamu yangu
imeoga katika bahari yenu
mara nyingi kuliko mimi mwaka huu.

Ninakaa Malé, ghorofa ya sita.
Dirisha langu linatazamana na la kinyozi.
Bahari iko mtaa wa pili, lakini
pikipiki zimeegeshwa mbele yake kama meno,
nami huisikia zaidi kwenye simu, wageni wanaponiuliza
kama ni ya bluu kweli.
Ni ya bluu kweli. Hilo halitozwi kodi.

Sasa, mumeo Bwana Joris na sikio lake la kushoto:
siku ya kwanza asishuke. Apumzike, ameze mate.
Siku ya pili mkondo utakuwa mpole;
Ziyan atawateremsha mita kumi na mbili, taratibu,
kama mtu anayeshuka ghalani gizani
huku akipapasa ukuta.
Ziyan si msemaji akiwa nchi kavu.
Chini, mikono yake ina ufasaha wa kadhi.
Kidole kimoja: tazama. Ngumi: subiri.
Akiuliza hewa imebaki kiasi gani, mjibu kweli.
Wengi hudanganya hapo, kwa kuona haya.

Siku ya tatu, taa wakubwa. Siahidi.
Kipeperushi kinaahidi, kwa herufi za dhahabu,
lakini taa hana mkataba nasi.
Huja akiitwa na vijidudu visivyoonekana,
akaachama kinywa, akapita juu ya kichwa chako,
na kivuli chake kikakuvua umri wako wote
kwa sekunde tatu.
Au asije. Mkaona mchanga.
Haturudishi fedha kwa sababu ya mchanga.

Ya nne na ya tano nimeambatisha.

Siku ya sita ndiyo uliyoipigia mstari:
“Kwa nini hapa pana pengo? Tunalipia kila siku.”
Ni siku kavu. Aliyezama asiruke upesi.
Hewa aliyoivuta kilindini imejificha damuni
nayo yataka kutwa kucha kutoka,
kama mgeni mwenye adabu
asiyeondoka kabla ya kumuaga kila mtu.
Nilitaka kuandika: kukandwa kwa mafuta ya nazi,
dola mia mbili na kumi.
Nimefuta.

Kisiwa mnachokwenda nakijua.
Kabla ya jina hilo la Kifaransa kiliitwa Dhiyafalhu,
nyumba arobaini na moja, na kisima chenye ladha ya chumvi.
Nilikuwa na miaka saba na pumu; kulowa ni marufuku.
Shangazi Khathija akakata kitako cha chupa ya achari,
akakiziba kwa kioo cha dirisha na lami.
Nikalala kifudifudi ukingoni mwa gati,
nikazamisha kile kioo kiasi cha kidole,
nikamwona chewa, mnene, mwenye uso wa mtu anayedaiwa,
akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliye ndani ya chupa.
Nilirudi kila asubuhi. Alikuwepo.
Kisha tukahamishwa, kwa boti tatu, fidia na hotuba.
Gati lilibaki. Liko nyuma ya jiko,
wanaposhushia barafu.

Kwa hiyo, siku ya sita:
mwombeni mpishi bakuli la kioo.
Nendeni saa moja asubuhi, kabla ya barafu.
Laleni kifudifudi. Msilowe.
Akiwepo chewa, sitauliza kama ni yuleyule;
miaka thelathini ni mingi, hata kwa samaki.
Niandikieni tu anavyotazama.

Fomu haikubali kisanduku cha bei kitupu.
Nimeweka sifuri, ikakataa.
Nimeweka moja.
Dola moja, Bi Margriet.
Uniwie radhi kwa gharama hiyo ya ziada.