Ng'ambo ya Daraja

Saa kumi alfajiri, uwanja wa maonyesho, Kentaki,
watu wamelala magarini wakingoja namba.
Mimi ndiye mshika orodha. Ndiye pia niliyemwambia
Daktari Maribeth, miaka thelathini na moja akitibu meno:
"Leseni yako ni ya Ohio. Huku hairuhusiwi,
hata kama hulipwi."

Hakubisha. Alivua glavu, akapanga viti, akagawa kahawa.
Ila macho yake hayakubanduka kwenye shavu la Delmer Ratliff,
namba mia mbili na sita,
lililoumuka kama andazi.

Sheria sikuitunga mimi. Na sababu yake naijua:
tapeli wa koleo aliyemwachia mama yangu taya la upande
hakuulizwa cheti na mtu.
Nasema hivi msije mkaniona katili.

Saa tano Delmer akaanza kulia, bila sauti,
mchimba makaa yule,
na Maribeth akaniuliza jambo moja tu:
"Mpaka uko wapi hasa?"
"Mto wote ni wetu. Ukikanyaga ukingo wa pili, uko kwako."

Kiti cha plastiki, tochi, sindano ya ganzi.
Dakika tisa kwa gari.
Kwenye maegesho ya kanisa, ng'ambo,
jino likatoka.

Akarudi kuchukua wengine wanne, kisha giza likamzuia.
Fomu inauliza mahali pa matibabu; niliandika: ng'ambo.
Waliobaki walikuwa sitini na wawili.
Baadhi walinirudishia namba zao,
zimelowa jasho.