Alhamisi Bado ni Yangu

Ilianza na Jumatatu.
Ambrus aliisukuma sahani kwa kidole kimoja,
kama anayemrudisha kwao mtoto wa jirani,
soseji ikabaki pale, imejikunja, inameremeta mafuta.
"Nipe maharage," alisema. "Hayohayo, na kitunguu."
Sikuuliza.
Mtu aliyechinja nguruwe miaka arobaini na mmoja,
kila Desemba, ua kwa ua,
haulizwi. Hutazamwa.

Kwetu kando ya mto Tisza ardhi ni bapa mpaka macho yachoke.
Mtoto huijua paprika kabla ya sukari,
na alfajiri ya kuchinja wanaume hunywa gongo ya plamu
wakiwa wamesimama kwenye theluji,
huku mvuke ukiwatoka wao na mnyama
bila kujua upi ni wa nani.

Jumatano ikaja bila kualikwa.
Ijumaa haikuwa na ubishi, ilikuwa ya Mungu tangu zamani.
Haba na haba, nilijisemea,
ila kibaba chetu kilikuwa kinapungua.

Nami nilikula mafuta yangu ya nguruwe stoo,
wima, gizani, mlango nimeuegemea kwa mgongo,
mwizi katika nyumba yenye jina langu.
Mezani nilijifunza upya kama bi harusi:
uyoga katika mchuzi mwekundu (haukumdanganya mtu),
dengu, mbaazi mbichi za Mei,
kabichi niliyoifunga wali na jozi,
mara ya kwanza ikapasuka
ikatapika matumbo yake sufuriani.
Ambrus akala kwa kijiko.
"Hii," akasema, "inahitaji chumvi."
Ndiyo sifa pekee niliyopata mwaka ule.

Februari tulimzika kaka yake, Dezső.
Matangani akala sahani tatu za nyama,
analia, anatafuna, analia,
na mimi nikamwekea ya nne.
Jumatatu, maharage.
Hakuna aliyemtania.
Barafu ya mto haivunjwi kwa shoka;
huanza kulegea ukingoni,
na katikati bado watu wanavuka.

Usiku mmoja, taa imezimwa, akasema:
"Yule jike wa akina Bakos."
Nikangoja.
"Wote tuliwavuta kwa kamba. Yule alinifuata mwenyewe.
Nilikuwa na tofaa mfukoni."
Kisha akageukia ukutani,
na mimi nikahesabu pumzi zake mpaka zikawa za usingizi,
au za mtu anayejifanya amelala.

Desemba hii waligonga dirisha saa kumi alfajiri.
Akatoka na koti juu ya nguo za kulalia,
akavinoa visu vyote sita, kimoja kimoja, kwa mate na jiwe,
akamkabidhi Bence, mtoto wa fundi saa,
akamwonyesha mahali, shingoni, kwa kidole, mara moja tu.
Akarudi jikoni kumenya viazi.

Harufu ya manyoya yaliyobabuliwa ikavuka ua.
Mate yakanijaa kinywani; sikuyaonea haya.
Yeye aliendelea kumenya,
ganda moja refu lisilokatika,
mikono ileile, ustadi uleule.

Kwenye chumba cha moshi, nyuma ya mashada ya pilipili,
imening'inia soseji moja.
Anajua. Hupita chini yake akichukua vitunguu,
huinamisha kichwa kidogo isimguse,
na hasemi kitu.
Alhamisi bado ni yangu.