Uzi wa Lumbesa

Asubuhi ile ukungu ulishuka mpaka kizingitini.
Mlima Rungwe haupo, barabara haipo,
lori la viazi linaunguruma bila umbo.
Kuku walitoka bandani mmoja mmoja
wakihesabiwa kwa kidole cha Tusekile:
sita, saba.
Wa nane hakutoka.

Tulimkuta nyuma ya kinu, yule tembe mwekundu
ambaye hajataga hata yai la kujaribia.
Kasimama kwa mguu mmoja,
wa pili kauficha tumboni
kama mtu anayeficha deni.

Nikamgeuza. Kidole cha kati kimevimba, kimeiva weusi,
na chini ya uvimbe, umezama ndani ya nyama,
uzi.
Uzi wa buluu.

Uzi huo naujua.
Mwaka wa kumi na moja huu nashona magunia hapa Isongole,
navivisha viazi vilemba, lumbesa juu ya lumbesa,
sindano ndefu kupita kiganja,
navuta, nakaza, nakata mabaki kwa meno,
natema chini.
Natema chini, nachukua gunia jingine.
Hakuna aliyewahi kuniuliza mabaki huenda wapi.

Subilaga akaleta maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo.
Tusekile akamvika kuku kichwani soksi yangu:
"Akiona giza atadhani usiku umerudi."
Na kweli akatulia, ila moyo
ukanigonga kiganjani mbio mbio
kama cherehani isiyo na kitambaa.
Wembe mpya. Miwani ya mke wangu.
Nikakata tanzi la kwanza, la pili,
la tatu likagoma,
na mkono huu uliozoea kukaza tu
ukajifunza, ukubwani, kulegeza.

Kisha ile dawa ya zambarau, mguu mzima,
na vidole vyangu, na mkeka.
Si kwa ajili ya kidonda peke yake.
Kuku wakiona nyekundu kwa mwenzao hudonoa,
hudonoa mpaka mfupa, bila chuki yoyote,
vile tunavyodonoa habari za jirani.

Jumamosi akaja mjomba Mwaijande kutoka Mbeya,
shauri la shamba la mgawanyo.
Akachungulia kikapu kando ya mafiga:
"Huyu si mgonjwa, huyu ni supu inayongoja moto."
Tukacheka, maana mgeni huchekewa.
Subilaga akampakulia mbalaga na maharage,
akaongeza parachichi mbili kubwa,
za kuombea radhi.
Mjomba akala, akanawa.
Wakati wa kuondoka aliaga wote
isipokuwa kuku.

Juni ya kwetu haina huruma.
Saa nane usiku naamka kuchochea makaa,
namkuta macho: jicho moja la rangi ya chungwa
linanitazama kutoka kwenye matambara.
Simwambii kitu. Ningesema nini?
Nasogeza kuni, narudi kulala,
silali.

Siku ya tisa kidole kilidondoka chenyewe,
kikavu, chepesi kama ganda la njegere.
Tusekile akakizika chini ya mgomba,
akashindilia udongo kwa kandambili.
"Amebaki na vingapi, baba?"
"Vitatu, mguu ule."
"Vinatosha?"
Tukageuka wote wawili, tukamtazama.
Yeye alikuwa anafukua,
akiyumba, akifukua,
papo hapo tulipozika.

Sasa mvua ikipita nazisoma nyayo zake uani:
mguu mmoja umeandika sawasawa,
mwingine umeruka herufi.
Naufuata mstari huo mpaka kwenye matembele,
mpaka kwenye ua wa watu.

Na kazini siku hizi mabaki natia mfukoni.
Wapakiaji wananicheka: "Fundi, unafuga nyuzi?"
Jioni nageuza mfuko juu ya moto,
buluu inajikunja, inanuka vibaya,
Subilaga anakohoa, ananilaani kidogo.

Tembe hajataga bado.
Sijamuuliza.